Mwezi wa mvuvi na mshahara wa mwalimu

Kwa muda mrefu nilikuwa nikifungua daftari la bahasha za sadaka la usharika wetu wa Kilutheri hapa Mwanza na kukuta jambo lisilonielea. Mimi ni mhasibu kwa taaluma, na mtunza hazina yeyote hujifunza mapema kwamba sadaka ya ahadi, ile mtu anayojipangia mwenyewe kutoa, hupanda mishahara ikitoka na kushuka katikati ya mwezi. Kwa familia za watumishi wenye mishahara ilikuwa hivyo hivyo. Lakini kwa jumuiya zetu za upande wa ziwani, bahasha zilijaa wiki moja, zikakauka wiki mbili, zikajaa tena, na tarehe hazikufanana mwezi hadi mwezi. Kwenye baraza la wazee maneno yalishaanza: watu wa kule hawana msimamo katika kutoa.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayekausha na kuuza dagaa. Nilibaki kwake baada ya ibada ya jumuiya, nikamuuliza kwa adabu kama kuna tatizo, maana ahadi yake ya mwezi ule ilikuwa haijafika. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unahesabu mwezi wa ukutani. Mimi nahesabu ule wa juu."

Dagaa wa ziwa letu, Victoria, huvuliwa usiku kwa taa. Taa huelea juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, kisha wavu hushushwa na kuvutwa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu tena. Dagaa hutawanyika, na mitumbwi mingi hubaki imepandishwa mchangani siku kadhaa hadi giza lirudi. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo giza hutangulia kidogo kila mwezi wa kalenda, na ndiyo maana sikuwahi kuona tarehe ikijirudia. Ongeza na mvua: dagaa wakikosa jua la kukaukia huharibika, au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama huyu, na tajiri mwenye mtumbwi, na vijana wanaogawana naye mavuno ya usiku, wote wanaishi kwa saa moja iliyoko angani.

Nilirudi nyumbani nikatafuta kalenda yenye alama za mwezi mpevu, nikaiweka kando ya daftari. Zilioana wiki kwa wiki. Wale tuliowaona hawana msimamo walikuwa wanatoa kila walipopata, bila kuruka, kwa miaka.

Naeleza haya kwa sababu ya shule. Usharika wetu, kama sharika nyingine kadhaa za KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, una shule ya awali na msingi ya kutwa. Watoto wanaingia asubuhi, wanakunywa uji, wanasoma, jioni wanarudi kwao. Hakuna bweni. Wengi hawatambui kwamba shule ya namna hii ndiyo ngumu kuichangia kwa mtindo tuliouzoea, kwa kuwa haina jambo moja kubwa la kuonyesha kwenye changizo. Mahitaji yake ni madogo madogo na hayaishi: mshahara, umeme wa LUKU, maji, chaki, unga wa uji, karatasi za majaribio ya darasa la nne na la saba.

Kuna swali ninaloulizwa kila mwaka, na ni swali la haki. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada katika shule zake za msingi na sekondari hadi kidato cha nne; sasa kwa nini Mkristo achangie shule ya kanisa inayotoza ada? Jibu langu huwa fupi. Fedha ya ruzuku inayokwenda shule ya serikali kwa kila mwanafunzi haiji kwetu, na mwalimu wetu halipwi na hazina ya taifa. Halafu humo darasani wamo watoto ambao wazazi wao hawawezi kulipa ada nzima. Wazazi wengine ni washarika, wengine si Walutheri, wengine si Wakristo. Tuliwapokea kwa sababu kanisa lilisema shule hii ni huduma. Basi pengo linalotokana na huduma hiyo lazima lizibwe na waliosema hivyo.

Nitaweka hesabu mezani, kwa mfano tu. Tuseme shule ina wafanyakazi 9 wenye wastani wa mshahara wa shilingi 500,000. Hiyo ni 4,500,000 kwa mwezi. Mwajiri anaongeza mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara na kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu na mfanyakazi: 450,000. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nusu ya asilimia moja, ni 22,500. Jumla 4,972,500 kila mwezi, kabla hujanunua hata chaki, na kodi ya mishahara iliyokatwa kwa wafanyakazi inatakiwa iwe imefika TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa mwaka ni 59,670,000. Sasa tuseme ada ni 600,000 kwa mwaka na watoto 20 wanalipa nusu. Pengo ni 6,000,000.

Harambee moja nzuri, yenye mgeni rasmi na kwaya tatu, inaweza kuleta 6,000,000. Tuliwahi kufanya hivyo. Sehemu kubwa ya ahadi zilizotamkwa jukwaani haikufika, na ile iliyofika ilifika mwezi mmoja, ikaonekana nyingi, ikaenda kwenye bati la kanisa ambalo nalo lilikuwa na haki yake. Miezi minne baadaye walimu walikaa miezi miwili bila mshahara. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa na kipaji cha kumfanya mtoto asome kabla ya Pasaka, akaenda kufundisha kwingine. Nilikuwa kwenye kikao kilichoidhinisha uhamisho ule wa fedha, na niliunyoshea mkono. Mpaka leo nikipita karibu na darasa lile naumia.

Pengo lile lile la 6,000,000 linazibwa na familia 100 zikitoa 5,000 kwa mwezi. Tofauti ni kwamba fedha hii inafika kwa mwendo ule ule ambao gharama inakwenda. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, "kwa kadiri ya kufanikiwa kwake", ili michango isije ikafanyika wakati yeye anafika. Nimesikia aya hiyo ikihubiriwa mara nyingi kuhusu kiasi cha kutoa. Mimi naisoma pia kama maelekezo ya mtunza hazina: usingoje mgeni rasmi.

Baada ya somo la yule mama, tuliacha kugawa kadi ya ahadi yenye masanduku 12 ya miezi kwa kila mtu. Mtumishi anayepokea mshahara alibaki na kadi hiyo. Wa bodaboda na mama ntilie walipewa ya wiki, kwa kuwa kwao elfu moja na mia mbili ya Jumapili ni nyepesi kuliko elfu tano ya mwisho wa mwezi. Jamaa wa ziwani wana kadi yenye visanduku vya giza, wanatoa giza likiwa limewaendea vizuri, na wakati wa mbalamwezi hakuna mzee anayekwenda kuwabishia hodi. Wakulima wetu, wale wenye majaruba ya mpunga Magu na Misungwi, wanatoa mara moja mavuno yakishaingia, kwa gunia au kwa fedha. Kazi ya kusawazisha ni yangu: fedha ya mavuno inaingia akaunti ya shule na kukaa, inatolewa kidogo kidogo hadi Desemba. Desemba ndio mwezi ninaouogopa kuliko yote, watoto wako likizo, ada haiingii, na mwalimu ana Krismasi kama sisi wengine.

Mnada wa Jumapili sitaki uguswe. Anayekuja na jogoo, trei ya mayai, mkungu wa ndizi au ndoo ya dagaa anaiweka mbele, na baada ya ibada mzee wa kanisa ananadi pale nje. Mtu ananunua jogoo kwa elfu kumi na tano, anamrudisha, anauzwa tena, na tena. Mgeni anaweza kudhani ni mchezo. Bibi asiye na shilingi mkononi anakuwa ametoa sadaka iliyonunuliwa mara tatu, na anaona kwa macho yake thamani ya kuku wake. Ninachosisitiza ni kuandika papo hapo: kitu gani, bei gani, nani, amelipa au ameahidi. Deni la mnada lisiloandikwa Jumapili halikumbukwi Jumatatu.

Ila hakuna kadi wala mnada utakaodumu kama watu hawaamini sanduku. Hili si jambo la zama zetu. Mwaka 1523, mji mdogo wa Leisnig huko Saxony, Ujerumani, ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja la parokia, na Martin Luther akauandikia dibaji. Humo ndimo walipwe wachungaji, itunzwe shule, yakarabatiwe majengo, wasaidiwe maskini. Waliteua wasimamizi 10 kutoka makundi yote, wakiwemo wakulima wa vijijini, na sanduku likatakiwa liwe na kufuli 4 tofauti, kila kundi na ufunguo wake. Mkulima alishika ufunguo mmoja na mwungwana mwingine, na hakuna aliyeweza kufungua peke yake. Mwaka uliofuata Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwauliza kwa nini wanatumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, lakini wanasita kwa mwalimu wa shule. Nilipoisoma habari ya zile kufuli nilijihisi nipo kwenye chumba chetu cha kuhesabia sadaka.

Kwetu wanahesabu wazee wawili na mshiriki mmoja wa kawaida anayebadilishwa kila Jumapili. Mimi sihesabu, napokea karatasi iliyosainiwa. Fedha inalala benki Jumatatu, yote, bila kukatwa ya mafuta wala ya soda. Lipa namba, ile namba ya kupokelea sadaka kwa simu, imesajiliwa kwa jina la usharika. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona kwingine namba ya mtu binafsi ikitangazwa madhabahuni, na hata huyo mtu akiwa malaika, amewekwa mahali pabaya. Shule ina akaunti yake na bodi yake, na shilingi ya shule haihami kwenda jengo bila kikao cha bodi na cha baraza la wazee, vyote viwili, kuandika muhtasari. Lile bati lilitufundisha.

Taarifa tunaisoma kila robo mwaka kwenye jumuiya, kwa Kiswahili cha kawaida. Badala ya "matumizi mengineyo" nasema: uji, kiasi hiki, maji, kiasi hiki, mishahara imelipwa tarehe hii. Majina ya waliotoa hayasomwi. Kuna sharika zinazobandika orodha mlangoni, jina na kiasi, na najua zinakusanya zaidi kwa muda. Siwezi kuliunga mkono. Mama wa dagaa akiona jina lake na sifuri wiki ya mbalamwezi, hatarudi, na nisingemlaumu. Vivyo hivyo watoto wanaosaidiwa ada: hawaitwi mbele ya kanisa, hawapigwi picha na mfadhili, na mwalimu wa darasa hajui ni nani. Anajua mhasibu na mwalimu mkuu, basi.

Neno kwa marafiki wa mbali, Dar es Salaam na hata nje ya nchi, wanaoniandikia wakitaka kujenga darasa. Asanteni, kwa dhati. Ila kila darasa jipya linataka mwalimu, na mwalimu wa mfano wangu wa hapo juu ni 552,500 kwa mwezi, na michango yake ndani. Mkijenga, tuzungumze pia kuhusu miaka mitatu ya kwanza ya huyo mwalimu. Na kama mna uwezo wa mojawapo tu, naomba mwalimu. Watoto wetu wameshawahi kusoma chini ya mwembe wakafaulu.

Wiki hii mbalamwezi inaisha. Ijumaa mitumbwi inarudi majini, na nimeshamwambia mzee wa zamu ya Jumapili ya pili kutoka leo aje na daftari la ziada.