Uoksidishaji: yanayosemwa Pemba na yanayotokea kiwandani

Taja uoksidishaji, yaani kitu kushikana na oksijeni kama wengi wanavyoujua, hapa Pemba, mtu atakuonesha bati lililoliwa na kutu: "Chumvi hiyo!" Chumvi inasingiziwa. Kinachokula chuma ni oksijeni na maji. Upepo wa bahari unaoleta chumvi huharakisha tu.

Kutokana na kutu, wengi hudhani uoksidishaji ni uharibifu mtupu. Basi wauulize wenye viwanda. Asidi ya salfa haipatikani bila huo: salfa huchomwa, kisha gesi yake huoksidishwa tena juu ya kichocheo cha vanadi (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha), kwenye nyuzi 450 hivi.

Mfano wa karibu zaidi ni makonyo yetu, vile vijiti vya karafuu. Kiwandani Wawi, Chake Chake, mvuke huyatoa mafuta tu, hauoksidishi kitu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli. Ukiipasha moto pamoja na alkali kali, inageuka isoeujenoli; nayo ikioksidishwa, mkia wa molekuli yake hukatika penye kifungo maradufu, pale kaboni mbili zinaposhikana mara mbili, ikabaki vanilini, harufu ile ile ya aiskrimu na keki. Ulaya walitengeneza vanilini kwa njia hii tangu mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya mabaki ya mbao na kemikali za petroli kuwa rahisi zaidi.

"Basi mimina kioksidishaji kwa wingi, vanilini iongezeke." Thubutu! Vanilini ni aldehaidi, jamii ya kemikali zinazoweza kuoksidishwa zaidi zikawa asidi, nayo huoksidika upesi ikawa asidi ya vanili, na harufu yote kwaheri. Tena mmenyuko wenyewe hutoa joto. Ukikuponyoka, mtambo unaweza kuripuka. Ndiyo maana kioksidishaji hutiwa kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye kipimajoto. Ufundi wote uko katika kujua pa kusimama.

Na mafuta ya karafuu yakipiga weusi, msikimbilie kusema yamechakachuliwa. Hewa na mwanga huyakoza, na debe la chuma ndilo baya zaidi, kwa kuwa eujenoli hushikana na chuma ikatoa rangi nzito. Yatieni kwenye chupa ya kahawia, ijae mpaka shingoni.

Wapo pia wanaoamini kwamba pasipo oksijeni hapana uoksidishaji. Kuoksidika ni kupoteza elektroni, yeyote awaye mwenye kuzichukua. Chuma cha moto ndani ya gesi ya klorini huoksidika barabara, na oksijeni haimo kabisa. Gesi hiyo hiyo hutoka ukichanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, nayo huunguza mapafu. Anayekwambia mchanganyiko huo unasafisha zaidi, usimsikilize.