Iluzheni ya nafasi sio mazingaombwe jamani

Naona kila mara ikizunguka ile video ya bwawa la Japani, watu wamesimama chini ya maji na nguo zao kavu, wengi wanasema "mazingaombwe hayo, wametupiga". Hapana, na naomba tuelewane.

Iluzheni ya nafasi ni pale kuta, vioo au mwanga vimepangwa mpaka ubongo unasoma kina, umbali au ukubwa ambao haupo. Instalesheni, kama hilo bwawa, ni kazi ya sanaa unayoingia ndani yake na miguu yako. Basi, hiyo ndo maana.

Sasa mazingaombwe yanaishi kwa kuficha, jamaa akikuonyesha tu shilingi kaificha wapi mchezo umekwisha. Lile bwawa la msanii Leandro Erlich wa Argentina, liko kwenye makumbusho ya sanaa ya Kanazawa tangu 2004, halifichi chochote: juu kuna kioo kimebeba maji kama sentimita 10 hivi, chini ni chumba kikavu cha buluu, na unaruhusiwa kushuka ukawapungia walio juu, halafu ukipanda tena bado unaona watu wamezama!! Kichwa kinajua, macho yanagoma. London 2013 huyo huyo alilaza ukuta wa mbele wa nyumba chini kabisa, akainamisha kioo kikubwa juu yake, watu wanajilaza pale wanajiona wananing'inia madirishani, na kioo kila mtu anakiona.

Tena kudanganywa kwenyewe kunaweza kwenda kinyume. Msanii Anish Kapoor ana shimo la kweli, mita 2.5 kwenda chini, limepakwa rangi nyeusi inayomeza mwanga mpaka linaonekana duara tu limechorwa sakafuni. Mwaka 2018 huko Porto, Ureno, mtu alitumbukia akapelekwa hospitali, na tahadhari zilikuwa zimewekwa. Hapo cha uongo kilikuwa ule ubapa, shimo lipo.

Na vile vyumba vya selfie vyenye papa kachorwa sakafuni, nazo ni iluzheni sawa, sikatai, ila inakubali kwa lenzi ya simu ikiwa sehemu moja tu, ukisogea hatua mbili papa anavutika kama raba. Huo uite mchoro tu, hauna ubaya wowote, hata kama kwenye tiketi wameandika instalesheni.