Mwanguko huru: 9.8 si kasi ya kuanguka

Jiwe likiachiwa kutoka juu, kuanzia linapotoka mkononi hadi linapogusa chini, nguvu inayolivuta ni moja tu: mvutano wa dunia. Hali hiyo ndiyo mwanguko huru, mradi tuusahau kwanza upinzani wa hewa. Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana hata mpira uliorushwa juu umo katika mwanguko huru tangu ulipoachwa na mkono, ingawa macho yanauona ukipanda.

Namba ya kuanzia ni 9.8, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Hiyo si kasi. Ni kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde inayopita, yaani mchapuko. Huandikwa kwa herufi g na hupimwa kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. "Kwa sekunde" ya pili si kosa la uchapaji. Jiwe lililoachiwa bila kusukumwa huanza na kasi sifuri. Sekunde 1 ikipita, linakwenda mita 9.8 kwa sekunde. Zikipita 2, ni 19.6, zikipita 3, ni 29.4. Basi:

kasi = g × muda

Umbali unahitaji uangalifu zaidi. Tuseme jiwe limeanguka kwa sekunde 2. Ukizidisha 19.6 kwa 2 utapata mita 39.2, na utakuwa umekosea, kwa sababu jiwe halikwenda na kasi hiyo safari nzima. Lilianza na sifuri. Kwa kuwa kasi yake hupanda kwa kiasi kilekile kila sekunde, chukua wastani wa mwanzo na mwisho, yaani 9.8, kisha zidisha kwa 2: mita 19.6. Ile nusu ambayo wanafunzi huikariri bila kujua ilikotoka, imetoka hapo:

umbali = ½ × g × muda × muda

Muda unajizidisha wenyewe, kwa hiyo sekunde zikiwa mara mbili, umbali huwa mara nne. Mwanasayansi Mwitaliano Galileo aliliona hilo kwa kuviringisha mipira kwenye mteremko, ambako mwendo ni wa polepole, huku akipima muda kwa maji yanayochuruzika. Matokeo aliyachapisha mwaka 1638.

Kanuni hii inatosha kukadiria kina cha kisima. Dondosha kijiwe, hesabu hadi usikie kikigonga maji. Zikiwa sekunde 2, kina ni karibu mita 19.6. Kwa usahihi zaidi ni kama mita 18.5, kwa kuwa sehemu ndogo ya muda huo imetumiwa na sauti kupanda hadi sikioni.

Turudi kwenye mpira. Ukirushwa wima kwa mita 19.6 kwa sekunde, kila sekunde hupoteza 9.8, hivyo baada ya sekunde 2 hufika kileleni, mita 19.6 juu ya mkono. Pale juu kasi ni sifuri. Mchapuko je? Bado ni 9.8, kuelekea chini. Ungekuwa sifuri nao, mpira ungebaki unaning'inia hewani.

Angalia tena kanuni zote mbili: hamna mahali pa kuweka uzito wa kitu. Kitu kizito huvutwa kwa nguvu zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kukibadilishia mwendo, na mambo hayo mawili hufutana. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15, safari ya Wamarekani kwenda Mwezini, aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya Mwezi, ambako hakuna hewa. Vilifika chini pamoja, tena polepole, kwani g ya Mwezi ni kama 1.6 tu.

Hapa kwetu hewa ipo. Tone la mvua lililoanguka mita 1,000 lingepaswa, kwa hesabu hizi, kutua kwa mita 140 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Kwa kweli hata matone makubwa hayazidi sana mita 9 kwa sekunde: kadiri kasi inavyopanda ndivyo upinzani wa hewa unavyokua, hadi unalingana na uzito wa tone, na kasi haiongezeki tena. Kwa jiwe linaloanguka mita chache tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwa tone, unyoya au karatasi, kanuni hizi peke yake zitakudanganya.