Wale uchochezi, wetu uhuru?

Jana barazani, Mji wa Kale wa Mombasa, kahawa tungu haijapoa, mzee mmoja amenisogezea simu hadi puani. "Wakili, msikilize huyu. Mbona hashikwi? Angekuwa wetu, saa hii yuko selo." Klipu yenyewe ni mgombea akimwita mwenzake mwizi na mjinga asiye haya. Nikamwambia huo si uchochezi. Akaniuliza nimelipwa na nani.

Wallahi nimechoka. Kila kampeni, wafuasi wa kila chama.

Haya, haraka haraka. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya inalinda usemi, isipokuwa propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 hakitosheki na matusi: lazima pawe na nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au mazingira yaonyeshe kwamba huenda ikachochewa. Kabila, rangi, asili, uraia. Chama hakimo. Na kashfa ya jinai Mahakama Kuu iliifuta 2017. Ukichafuliwa jina, fungua kesi ya madai, na ujipange kwa ada yangu.

Lakini hayo "mazingira" ndiyo watu wasiyotaka kuyasikia. Chukua neno "wabara". Hapa barazani twalitamka mara kumi kabla ya kahawa kwisha na hakuna anayegeuka. Lipandishe jukwaani wiki ya uchaguzi, uliongezee "waende kwao", na unajitafutia kifungo cha hadi miaka mitatu, faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Au "madoadoa": kwetu ni ya chui na ya kanzu iliyomwagikiwa mchuzi. Seneta wa Meru alipolitamka Eldoret Januari 2022 alikamatwa, kwa kuwa Bonde la Ufa neno hilo ni la kuwaita watu wa makabila mengine, na lina makaburi nyuma yake.

Na tusisahauliane. "Pwani si Kenya", kauli ya MRC, kundi lililotaka Pwani ijitenge, nayo iliitwa uchochezi, hadi Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa ilipoondoa marufuku ya kundi hilo mwaka 2012. Mzee huyu wa barazani alishangilia siku ile.

Kuna mahali ananishinda, nakiri. Sheria ni moja, lakini anayechagua wa kukamatwa Ijumaa jioni, alale ndani hadi Jumatatu, ni binadamu mwenye simu inayopigwa na wakubwa. Kesi ikianguka baadaye, zile siku tatu harudishiwi mtu. Halafu kuna mafumbo. Sisi ni watu wa kumtukana jirani kwa jina la leso. Fumbo likishatafsiriwa mahakamani kwa Kiingereza, hubaki ganda tu. Nia naithibitishaje hapo? Sijui.

Nilikuwa nimefika hapo mzee aliponichezea klipu nyingine, ya mtu wake: "Mwaka huu kwekwe zote tutazing'oa shambani!"

Nikamuuliza, kwekwe ni nani?

"Aa, wakili. Huyo ni mkulima."