Si kila bluu huleta usingizi
Wengi huamini kwamba chumba cha kulala kikipakwa bluu, utulivu utakuja wenyewe. Sivyo. Ukolezi wa rangi una uzito kuliko jina lake: bluu kali ya kung'aa huchangamsha, ilhali hata waridi au rangi ya udongo, ikiwa imefifia, hupumzisha macho. Kisha kuna taa, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Balbu nyeupe ya Kelvin 6500 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga), zile zilizojaa madukani, hutoa mwanga mwingi wa bluu unaopunguza melatonini, homoni ya usingizi. Ukuta hauwezi kufidia hilo! Tafuta balbu ya Kelvin 2700, yenye mwanga wa manjano. Na kabla hujanunua ndoo nzima, paka kipande ukutani, ukitazame usiku taa ikiwaka.