Miguu ya Fats Waller

Watu wakisikia jina la Fats Waller, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, hufikiria piano. Mimi nimepiga kinanda kanisani miaka mingi, na ninamwona ameketi mbele ya kinanda cha mabomba, viatu vikigusa pedali, vibonyezo vya miguu vinavyopiga besi, na kuondoka.

Piano ukiibonyeza, nyundo inagonga waya papo hapo, kisha sauti inaanza kufifia yenyewe. Kinanda cha mabomba hakiendi hivyo. Hewa lazima ifike kwenye bomba, bomba likubali kuimba, na ikishaanza noti haikomi mpaka uinue kidole. Mabomba marefu ya besi ndiyo mazito zaidi kuanza kuimba. Katika tenzi za ibada uzito huo ni baraka. Katika jazi ni hatari: besi ikichelewa kidogo tu, mdundo wote unalegea.

Waller alizaliwa New York mwaka 1904, baba yake akiwa mhubiri wa mitaani Harlem, sehemu ya jiji hilo, na tangu utotoni alipiga kinanda kwenye ibada za baba yake. Akiwa kijana wa miaka 15 hivi alikuwa tayari anapiga kinanda katika Lincoln Theatre, akisindikiza filamu zisizo na sauti. Kazi hiyo haina msamaha: farasi akianza kukimbia kwenye pazia, nawe ukimbie naye. Count Basie, aliyekuja kuwa kiongozi maarufu wa bendi ya jazi, wakati huo naye bado kijana, alikuwa akienda hapo kumtazama miguu, na baadaye Waller akamfundisha.

Piano alifunzwa na James P. Johnson, ambaye katika mtindo wake mkono wa kushoto huruka kutoka besi hadi kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ukirudi na kwenda bila kupumzika. Kwenye kinanda Waller aliigawa kazi ile: miguu ikabeba besi, mkono ukabaki na kodi. Kisha akakata noti fupi, akaacha nafasi ya ukimya kati yake. Kwangu, ukimya huo ndio uvumbuzi wake mkubwa, maana bila hiyo nafasi mabomba yangezungumza kwa pamoja na hakuna ambacho kingesikika.

Novemba 1926 alirekodi "St. Louis Blues" huko Camden, New Jersey, ndani ya kanisa la zamani ambalo kampuni ya rekodi ya Victor ilikuwa imeligeuza kuwa studio. Mwaka uliofuata akarekodi humo pamoja na tarumbeta na ngoma za kundi la Thomas Morris, jambo gumu zaidi, kwa sababu sasa kuna wenzako wanaosubiri mdundo wako.

Alifariki Desemba 1943 kwa nimonia, ndani ya treni karibu na Kansas City, akiwa na miaka 39.

Ukizisikiliza rekodi za Camden, vaa spika za masikioni. Spika ya simu inaimeza besi, na hapo utakuwa umesikia mikono peke yake.