Ruthu katika Majilio: kwa nini sikuiruka sura ya nne

Majilio yana Jumapili 4 na kitabu cha Ruthu kina sura 4. Kwa mchungaji anayepanga mahubiri, hapo nusu ya kazi imekwisha. Tena habari yote inaelekea Bethlehemu na kuishia kwa Daudi, hivyo Krismasi ikifika huhangaiki kutafuta pa kuunganishia: Mathayo anamtaja Ruthu kwa jina katika ukoo wa Yesu, sura ya 1 aya ya 5.

Jumapili sisi Walutheri tunafuata masomo ya kalenda ya Kanisa, na sina ugomvi nayo. Kwa hiyo Ruthu niliiweka kwenye ibada za asubuhi za katikati ya wiki, saa 12, kabla watu hawajateremka Moshi mjini kwenye shughuli zao. Sura ya 4 peke yake ndiyo niliyowaomba wazee wa kanisa niihubiri Jumapili ya mwisho ya Majilio. Sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike.

Wanaotetea kuhubiri kitabu kizima kwa mfululizo husema njia hii inawalisha washarika kwa mpangilio. Ni kweli, ila faida ninayoithamini zaidi ni nyingine. Mhubiri anayejichagulia aya kila wiki hushukiwa. Huku mlimani watu wanajuana mpaka kwa majina ya babu. Ukisoma habari ya ulevi, macho yote yanahamia benchi moja. Kitabu kikienda kwa zamu yake, hakuna wa kusema mchungaji anarusha madongo, maana kila mtu anajua tuliishia wapi wiki jana. Na mchungaji naye hana pa kukwepea. Aya ngumu ikifika zamu yake, imefika.

Sura ya 1 ina maneno yanayopendwa harusini, "wewe uendako nitakwenda". Kumbe ni Ruthu, mjane, anamwambia mama mkwe wake Naomi, wako njiani, wote hawana kitu. Sikukaa sana hapo. Nilikaa kwenye makaburi. Elimeleki, mume wa Naomi, na wanawe wawili, Maloni na Kilioni, walifia Moabu. Mchaga ukimweleza hivyo hahitaji ufafanuzi. Mtu wetu akifia Dar es Salaam, ndugu watachangishana mpaka mwili ufike kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, alazwe penye migomba, jirani na baba zake. Wanaume watatu wa nyumba moja wamelala ugenini, na shamba la nyumbani halina mwana wa kulirithi: washarika waliuona msiba wa pili kabla sijautaja. Ndiyo maana aya ya 17, Ruthu anaposema atazikwa palepale atakapozikwa Naomi, ilinyamazisha watu kuliko ile ya harusini.

Sura ya 2 ni ya shambani. Shayiri huku kwetu inajulikana zaidi kwa sababu ya viwanda vya bia, lakini kuokota mabaki baada ya mavuno tunakujua. Sheria ya kumwachia maskini na mgeni sehemu ya mavuno iko Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, na Boazi, mwenye shamba na jamaa wa Elimeleki, anaizidisha: anawaambia vijana wake wachomoe na mengine kwenye matita, wayaache makusudi. Jioni Ruthu anapura, anapata kama efa moja. Efa hukadiriwa kuwa lita 22 hivi, na nilipotamka "debe moja na ziada", akina mama wakaanza kunong'onezana. Mmoja wao akanifafanulia baada ya ibada: debe la nafaka la kuokota, kwa siku moja, halafu alibebe kichwani mpaka mjini, huyo alikuwa mchapakazi na mwenye shamba alikuwa na mkono wazi. Vitabu vya ufafanuzi nilivyosoma vinasema hivyohivyo kwa kurasa nyingi zaidi.

Sura ya 3 wachungaji wengi huipita kwa mbio. Usiku, uwanja wa kupuria, mwanamke anajilaza miguuni pa mwanamume aliyekwisha kula na kunywa. Mimi nasoma yote kama yalivyoandikwa, sipaki rangi wala sifuniki. Maoni yangu ni kwamba jambo zito la usiku ule ni ombi. Katika sura ya 2 Boazi alimtakia Ruthu thawabu kwa BWANA, ambaye amekuja kukimbilia chini ya mabawa yake. Sasa Ruthu anamwendea na kumwomba amfunike kwa vazi lake. Yaani, mzee, ile dua yako uijibu wewe.

Kisha sura ya 4. Boazi anakwenda langoni, anaketisha wazee 10, anamwita jamaa aliye karibu zaidi kuliko yeye. Anaanza na ardhi tu: Naomi anauza sehemu iliyokuwa ya Elimeleki, utaikomboa? Jamaa hachelewi: nitaikomboa. Ndipo Boazi anapoongeza kwamba shamba linakuja pamoja na Ruthu Mmoabu, ili jina la marehemu lisimame juu ya urithi wake. Jamaa anarudi nyuma: asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Upande wa wanaume kicheko kikatoka, kile cha mtu anayemfahamu anayesemwa. Hesabu yake iko wazi. Naomi ni mzee, hatazaa tena, shamba lingebaki lake moja kwa moja. Ruthu akizaa mtoto wa kiume, fedha imetoka na shamba nalo limerudi kwa marehemu.

Kwa mila yetu kihamba hupita kwa wana wa kiume, na mjane asiye na mtoto wa kiume hujikuta anajadiliwa. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki hiyo, lakini vikao vya ukoo havikai na sheria mezani. Navyo hukaa mwishoni mwa Desemba, watu wakishapanda kutoka Dar kuja Krismasi. Ibada za saa 12 hujaa akina mama. Wanaoamua mambo ya ardhi nawapata Jumapili hiyo ya mwisho. Ningeichomoa sura hii peke yake nikaisoma siku ile, koo tatu au nne zingenihesabu kuwa mpelelezi. Lakini kila aliyekuwa akihudhuria alijua tangu wiki ya kwanza kwamba tunaelekea langoni.

Jamaa anavua kiatu chake mbele ya wazee kuthibitisha kwamba anamwachia Boazi, na mila hiyo ilikuwa rahisi kueleza. Isale, jani la mmea wa kimila wa Wachaga, hapa tunalitumia kuweka mipaka ya vihamba na kuombea radhi, na likishatolewa mbele ya watu, neno limefungwa. Orodha ya majina mwishoni, kutoka Peresi mpaka Daudi, niliisoma polepole. Vijana walichungulia simu, wazee walihesabu vizazi kwa vidole.

Nje, baada ya ibada, mnadishaji wa sadaka za mazao alipaza sauti akakauka koo. Mkungu wa ndizi ulikaa hapo chini bila bei, wanaume wakiwa wamejikusanya kubishana kama yule jamaa alitenda dhambi. Waliponiita niamue, niliwafungulia Kumbukumbu la Torati 25: anayekataa kumwoa mjane wa nduguye anavuliwa kiatu na kutemewa mate usoni. Katika Ruthu kiatu kipo, mate hayapo. Jamaa anaondoka salama, kitabu hakimlaani, ila jina lake hakikuliandika. Mzee mmoja akauliza kama basi Boazi naye hakuwa na watoto wengine wa kugombana na Obedi, mwana aliyezaa na Ruthu. Hilo Ruthu haisemi, na ubishi ukaanza upya.